Mifupa ya Samaki wa Posa

(Sehemu ya tisa)

Beseni lilikuwa tupu!

Ndiyo, wasomaji wangu, tupu. Juma lililopita tulimwacha Félicien, kijana wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, mkono wake uko juu ya kifuniko, mbele ya meza ya wakubwa, na ninyi mkanitukana soko zima kwa kuwa nilikata hapo. Haya. Kifuniko kimefunguliwa. Ndani kuna maji ya mto, safi, matulivu. Samaki hakuna.

"Samaki iko wapi?" akauliza Profesa.

Félicien akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kana kwamba samaki anaweza kujificha nyuma ya maji.

"Alikuwa humu, Bwana. Jana asubuhi alikuwa humu."

"Na leo?"

"Leo... leo iko mayi."

Wenceslas karani, yule wa miwani na kalamu mbili mfukoni, akacheka kwa pua. Huyu Wenceslas alikuwa anaitaka kazi ileile. Na si kazi tu aliyokuwa anaitaka, lakini hilo litakuja.

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo tu, sikia upesi. Université mpya, chuo kikuu cha kwanza, inayojengwa kule mto unakoelekea, ilikuwa inatafuta watu wa kazi. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa biro, ofisi ya serikali, hapa Kisangani. Juu kabisa kazi za kufundisha, na pembeni yake neno moja: Ulaya. Chini yake kazi za kufagia, kupika, kufua mashuka, kupanguza vitabu vumbi, na pembeni hawakuandika kitu, maana kila mtu alijua ni za nani. Na chini ya chini, mstari mmoja: fundi wa samaki wa laboratoire, yaani maabara, nafasi moja.

Profesa, mzungu wa université, alisema wazi: atakayeniletea yule samaki mweupe asiye na macho, anayekaa katika shimo la maporomoko, ndiye fundi wangu. Na Mama Pélagie, mchoma samaki wa Wagenia, alisema wazi zaidi: mutu bila mokanda, karatasi ya kazi, yenye muhuri, haoe mutoto wangu Julienne.

Samaki, muhuri, Julienne. Ukikosa cha kwanza umekosa vyote. Na masua, meli ya mto ya kwenda kule, inaondoka leo, Jumamosi, saa sita. Wakati huo saa ilikuwa tatu.

"Suivant! Anayefuata!" akasema Administrateur, mkubwa wa biro, bila kuinua macho. Wakubwa hawainui macho. Wakiinua watatuona.

Wenceslas alikuwa ameshasimama. "Mimi niko na diplôme, Bwana."

"Unajua samaki?" Profesa akamwuliza.

"Ninajua kuandika samaki, Bwana. Kwa maandishi mazuri kabisa."

Hapo mlango ukafunguka, pwa! Julienne! Viatu mkononi, kitambaa kimeangukia shingoni, pumzi juu juu.

"Félicien! Weye mwanaume! Kumbe uliposa, na haukuniambia!"

"Nani aliposa?"

"Weye! Samaki uliweka ku mulango ya mama! Mama alikula! Nitaolewa, bantu yote, nitaolewa!" Akamkumbatia polisi wa mlangoni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Félicien akashika kichwa kwa mikono miwili. Nanyi mshike vyenu, niwaeleze.

Katika ukoo wa Mama Pélagie, tangu babu wa babu, mchumba hasemi neno. Anaweka samaki mlangoni pa mama wa msichana na kwenda zake. Mama akimtupia paka, kijana atafute kwingine. Mama akimpika na kumla, imekwisha: tangu siku ile yeye ni bokilo, mama mkwe, hamtazami tena kijana usoni wala hasemi naye ana kwa ana.

Félicien alijua hayo yote! Kila mtu wa maporomoko anayajua. Lakini jana kichwa chake kilijaa université mpaka juu. Alitafuta kivuli cha kuweka beseni, na kivuli kizuri kilikuwa mlangoni pa Mama Pélagie; leo asubuhi akalibeba bila kufungua kifuniko. Mgenia kusahau maana ya samaki mlangoni! Ni kama padri asahau Jumapili.

"Ndiyo maana asubuhi alinigeuzia mugongo," akanong'ona. "Nilizani ananizarau."

"Alikuwa anakuheshimu, muzuzu weye! Lakini alisema: muhuri ninangojea. Masua ikienda bila Félicien na mokanda yake, nitarudisha mifupa ku mto, na posa itaenda na mayi."

Basi Félicien akacheka na kulia kwa pamoja, kama mvua ya jua. Amepata mke. Amepoteza samaki. Na bila samaki atampoteza mke aliyempata dakika moja iliyopita.

Profesa akakaa chini polepole. "Aliliwa? Samaki wangu aliliwa?"

"Ndiyo, Bwana," Julienne akajibu kwa adabu. "Kwa liboke, ndani ya majani, na pilipili kidogo. Mama anasema iko mutamu, lakini haina mafuta mingi."

Profesa akafunika uso wake. Miaka miwili anamtafuta samaki yule! Mara, kutoka nyuma ya vidole, sauti ndogo:

"Haina mafuta?"

Akatoa daftari akaandika. Wasomi, rafiki zangu! Hata msibani wanaandika.

"Na mifupa?" akauliza.

"Iko."

"Yote?"

"Bwana, samaki ya posa hawavunje mufupa. Mufupa moja ikivunjika, ndoa inavunjika. Mama alianza kula saa tisa, mpaka jua inazama. Kichwa, mbavu, mukia, yote amepanga ndani ya kitunga yulu ya moto."

Profesa hakutoka mlangoni. Mlango ulikuwa mbali. Alipitia dirishani.

*

Kamyo ya Profesa, lori lake, ilifika maporomoko kuku wakiwa wanaruka pande zote. Mama Pélagie alikuwa kwenye moshi wake, anageuza samaki. Alipomwona Félicien, fyu, mgongo.

Kitunga kikashushwa. Profesa akapiga magoti katika majivu na suruali yake nyeupe.

"Hata mifupa ya shavu!" akapiga kelele. "Hata hii, nyembamba kama unywele! Kule Ulaya tunachemsha, tunatia dawa, tunangoja juma mbili, na bado tunavunja! Mama, nani alikufundisha?"

"Njaa," akajibu Mama Pélagie.

Profesa akanyoosha mkono achukue kitunga. Mwiko ukamshukia vidoleni, ta!

"Mukono chini, Papa. Ile mifupa iko ya ndoa. Mpaka siku ya ndoa, kwenye mimi niko, njo kwenye iko, haitoke mukononi yangu."

Sasa itakuwaje? Félicien akasema akitazama ukuta: "Julienne, ambia mama, padri anataka kutangaza Jumapili tatu, na masua inaenda leo saa sita."

"Mama, Félicien anasema padri anataka..."

"Ambia Félicien niko na masikio."

"Félicien, mama anasema..."

"Nilisikia."

"Nyamazeni!" Profesa alikuwa amesimama, majivu magotini, uso unawaka kama taa. "Alors, mama anakuja! Université inatafuta mtu wa kusafisha mifupa, na wawili wenye diplôme wameshindwa. Nafasi iko. Félicien atakamata samaki, na Mama atakula!"

Mama Pélagie akaweka mwiko chini.

"Kazi yangu iko kula?" Mama Pélagie akauliza.

"Kula polepole, Mama."

"Tangu nizaliwe," akasema Mama Pélagie, "muzungu hajasema neno ya akili namna hii."

Vigelegele! Wanawake wa moshi wakatupa vifuniko juu. Hadidja jirani, mwenye meno matatu, akasukuma watu mpaka mbele. "Bwana! Bwana! Na mimi ninakula polepole! Tazama kinywa, siwezi kula mbio!"

Julienne akazunguka na Félicien mpaka wote wawili wakaanguka juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Wangesafiri wote watatu, Julienne kwa jina la mtoto wa mama yake, na Jumapili tatu padri wa kule angezihesabu kwa raha. Julienne akakimbia kufunga sanduku. Mama Pélagie akafunika kitunga kwa kitambaa chake kizuri, akapanda mbele ya kamyo, na Félicien akapanda nyuma, ili asione hata kisogo chake.

Kila kitu kilikuwa kimenyooka. Kilibaki kitu kimoja kidogo tu, cha dakika mbili: muhuri wa mkubwa.

*

Mnajua dakika mbili za biro. Ikapita saa tano na robo.

"Haiwezekani," akasema Administrateur. Alikuwa amevaa kofia tayari kwenda kula. "Mwanaume bila mke hapewi nyumba ya kazi, wala safari. Na mwanamke bila mume hapewi mokanda ya safari. Kanuni ni kanuni."

"Niko na mchumba, Bwana."

"Kanisani tayari?"

"Jumapili tatu, Bwana."

"Basi hauna mke. Suivant."

Kanuni! Mwenye kuitunga kanuni ile hajazika mke, rafiki zangu. Angemzika angejua kwamba mwanaume anaweza kubaki bila mke pasipo kuiomba biro ruhusa. Tuendelee.

Profesa hakuwepo kutetea. Alikuwa nje, anafunga kitunga kwenye kiti cha kamyo kwa tai yake mwenyewe. Félicien alikaa upande huu wa benchi, Mama Pélagie upande ule, migongo ikitazamana. Na Wenceslas alikuwa kwenye mashine yake ya kuandika. Akakohoa kikohozi kizuri, cha mtu aliyekwenda shule.

Alianza kusema Kifaransa, mbio mbio, maneno yanamiminika. Wale wawili hawakukamata kitu. Mimi ninawafasiria.

"Bwana Mkubwa, kanuni inakubali pia ndoa ya kienyeji."

"Na ya hawa inafungwa namna gani?" Administrateur akatazama saa yake.

"Mwanaume anatoa samaki. Mwanamke akimla, imekwisha."

"Huyu alitoa?"

"Alitoa. Polisi wa mlangoni alisikia, mimi nilisikia, na wewe mwenyewe Bwana ulisikia."

"Nani alikula?"

Wenceslas akachomoa kalamu moja, akainyoosha taratibu kuelekea benchi. Kuelekea Mama Pélagie.

"Huyu mama mkubwa? Na kijana yule?"

"Desturi zao, Bwana."

"Bon. Desturi ni desturi. Andika upesi, supu yangu inapoa."

Mmeona? Nitafutieni uongo hapo, mkiupata mniletee. Mwanaume alitoa, mwanamke alikula. Ndivyo wanavyotutawala: hawatudanganyi, wanatuandika.

Mashine ikalia ta-ta-ta-ta. Muhuri ukainuka. Muhuri ukashuka. PA!

Félicien akaruka benchi! Akaibusu mokanda, akambusu polisi wa mlangoni (maskini polisi yule, siku ile alibusiwa kuliko bibi arusi), akaona jina lake juu na muhuri chini, buluu, wa mviringo, unang'aa. Katikati yalikuwa maandishi ya Kifaransa, madogo, yamebanana. Nani anasoma katikati akiwa na furaha?

"Safari njema," Wenceslas akamwambia, akimpa mkono. "Safari njema, bwana arusi."

"Asante, ndugu yangu! Nilikuwa ninakuzania vibaya!"

"Bantu mingi wananizania vibaya," akasema Wenceslas.

*

Bandarini, dunia nzima! Mtaa wa Kabondo wote ulishuka kwa baiskeli, Wagenia wote walikuja kwa mitumbwi. Hadidja analia na anacheka. Mtu anapiga ngoma, mwingine anauza lituma ya moto, ndizi za kupondwa. Wanapaza sauti: "Université! Université!" kama vile ni jina la mtoto aliyezaliwa. Mtu wa Yahuma aliyekuja kuuza mchele akauliza: "Université njo nini?" Wakamjibu: "Ni kwenye wanalipa bantu kwa kula samaki." Akaacha mchele wake, akaingia kwenye mstari.

Honi ya kwanza.

Profesa alikuwa ameshapanda juu kabisa, kwa wakubwa, anapunga kofia. Chini, kwenye ubao wa kupandia, alisimama Papa Évariste, mkaguzi wa masua, mtu wa sauti nene, anayesoma kila mokanda kwa nguvu ili wote wajue kwamba anajua kusoma.

Félicien akampa yake. Nyuma yake, hatua mbili, Mama Pélagie na kitunga, uso umeelekea mto. Na mbali kidogo, kati ya watu, Julienne anakuja! Kitenge kipya, sanduku kichwani, anajipenyeza, "pardon, papa, pardon, mama," meno yote nje.

"Félicien," akasoma Papa Évariste, "fundi wa samaki wa université!"

"Ehhhh!" watu wakaitika.

"Anasafiri na bibi yake..."

Félicien akageuka kumtazama Julienne, akamkonyeza.

"...bibi yake Pélagie. Kabini moja, kitanda moja."

Ngoma ikakatika.

"Papa," Félicien akasema taratibu, "soma tena."

Papa Évariste akasoma tena, kwa nguvu zaidi. Mtu akaangusha kuku.

"Papa Évariste! Huyu iko bokilo yangu! Mama mkwe wangu!"

"Mokanda inasema bibi."

"Tangu jana hata uso yake sijaona!"

"Hiyo iko mambo yenu ya nyumba. Mimi siingie."

"Biro waliandika vibaya! Ninarudi, wasahihishe!"

"Biro inafunguka Jumatatu," akasema Papa Évariste. "Na Papa, mimi nakupenda, nikuambie: ukisema hii mokanda iko uongo, ile polisi pale anakukamata. Mokanda ya uongo yenye muhuri, wanakuita mwizi wa muhuri. Ukisema iko kweli, unapanda. Njia ya tatu hakuna."

Honi ya pili.

Fikirini, ninyi! Akikana, hakuna kazi, hakuna université, na mifupa inarudi mtoni pamoja na posa. Akikubali, kwa sheria ya serikali amemwoa mama wa mchumba wake! Félicien akainua mikono kumwita Profesa. Juu kule Profesa anapunga kofia tu, anatabasamu, hasikii.

Na nani yule ameegemea nguzo, miwani inang'aa, mkono mmoja mfukoni?

"Mademoiselle Julienne," akasema Wenceslas, laini kama mafuta ya mawese, "ile sanduku iko nzito. Nikusaidie kurudisha ku nyumba?"

Julienne alikuwa amesimama mwanzoni mwa ubao, sanduku kichwani, meno hayaonekani tena. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Bon, Mama," Papa Évariste akasema. "Sema weye. Uko bibi yake ao hapana? Upesi, wanafungua kamba."

Mama Pélagie akaweka kitunga chini, juu ya ubao. Akakaza kitambaa kichwani. Kisha akafanya kitu ambacho mama yeyote wa ukoo wake hajakifanya tangu maporomoko yalipoanza kuanguka.

Akageuka. Akamtazama Félicien usoni.

Akamtazama kama anavyotazama samaki sokoni: macho kwanza, halafu mashavu. Wanawake wa moshi wakaziba vinywa. Félicien akafumba macho kwa aibu, akafumbua, akafumba tena. Mama Pélagie akashika mkono wake, akaukaza chini ya kwapa.

"Ni bwana yangu," akasema. "Haujui kusoma? Tupishe."

Honi ya tatu!

Sanduku likatoka kichwani mwa Julienne. Hakulitua, lilijiangukia lenyewe, likagonga ubao, likabiringika, likaenda kusimama kwenye kitunga.

Na kutoka chini ya kitambaa kizuri, wote wakasikia, juu ya honi, juu ya maporomoko, sauti ndogo, kavu, ya njiti ya kiberiti inapovunjika.

Ka!

Mufupa moja ikivunjika, ndoa inavunjika.

Lakini ndoa ipi?